Mvua Yetu Inatoka Baharini. Nani Anaipima?

Wasee, chukueni soda mbili. Moja ya friji, moja imeshinda kwa jua. Fungua zote. Ya moto inamwaga povu mezani, ya baridi inashikilia gesi yake. Bahari nayo iko hivyo: maji baridi hubeba gesi nyingi kuliko maji moto.

Kabla mtu aniambie "rudi chuo kwanza", ndio, niliacha chuo. Hii nimesoma kwa bando yangu mwenyewe, na imenikasirisha.

Pale maji yanapogusana na hewa, kuna biashara inaendelea kila sekunde. Bahari inameza karibu robo ya kaboni dayoksaidi ambayo sisi binadamu tunatoa. Kwa upande mwingine inaachilia mvuke. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yote yanayopanda angani kama mvuke yanatoka baharini. Huo mvuke ndio unarudi kama mvua.

Na hiyo biashara inapimika. Unafunga vifaa viwili kwa mlingoti wa meli. Kimoja kinasoma upepo kwa kutumia sauti, mara 10 au 20 kila sekunde, hasa ule unaopanda na ule unaoshuka. Cha pili kinamulika hewa kuona imebeba gesi na mvuke kiasi gani. Hewa inayopanda ikiwa na mvuke mwingi kuliko inayoshuka, bahari inatoa. Ni kama makanga anayehesabu wanaopanda na wanaoshuka. Shida ni kwamba meli inayumba, kwa hivyo lazima mwendo wake uondolewe kwa hesabu. Chumvi nayo inaganda kwa kioo cha kifaa. Ndio maana maboya mengi hupima tu upepo, joto na unyevu, halafu mvuke unakadiriwa.

Sasa inatuhusu aje? Mwisho wa 2019, Bahari Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ukapoa. Mvua ikatumwagikia. Novemba hiyo, maporomoko ya West Pokot yaliua watu zaidi ya 40. Halafu kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo. Susu wangu kule Kitui alipanda, ikakauka. Akapanda tena, ikakauka tena. Aliuza mbuzi ndio anunue mbegu zilizokufa.

Hapa ndipo nilikasirika. Tangu 2004 kuna mtandao wa maboya ya kupima Bahari Hindi, unaitwa RAMA. Lakini upande wa magharibi, huu wetu, ulibaki na mapengo kwa miaka mingi, na sababu moja ni maharamia wa Somalia. Meli za kuweka maboya hazingethubutu kufika. Yaani bahari inayoamua kama susu atavuna ndiyo ilikosa macho.

Najua kuna mtu atasema: watu wana njaa, wewe unaongea maboya? Buda, njaa ndiyo naongelea. Boya haliwezi kuleta mvua, na utabiri hauwezi kuwa sahihi kila siku. Lakini utabiri hujengwa na vipimo. Ukipunguza vipimo, mtu wa hali ya hewa anabaki kukisia, halafu sisi tunamtengenezea vichekesho mtandaoni akikosea. Mimi pia nimewahi, na ile video ilipata likes kibao. Leo sioni ikichekesha.

Maoni yangu ni haya: tunapouliza serikali kuhusu barabara na karo, tuulize pia kuhusu hii bahari. Vifaa viko wapi, vinafanya kazi, na nani analipa? Na tusingoje kila mara meli ya watu wengine ije kutupimia maji yaliyo mlangoni petu.

Susu atapanda tena Oktoba. Wewe ungemwambia nini?