Wakazi wa Gerezani na Waende Pugu

Mkazi wa Gerezani, jijini Dar es Salaam, akitajiwa hifadhi, mawazo yake hukimbilia Serengeti na Ngorongoro, mahali anapopaona kwenye kalenda ukutani, kisha hukata shauri kwamba mambo hayo ni ya watalii wenye fedha. Anajinyima haki yake. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), uko wilayani Kisarawe, kiasi cha kilomita 30 tu kutoka Kariakoo. Daladala ya Gongo la Mboto humfikisha mtu zaidi ya nusu ya njia.

Tena msitu huo si mgeni kwake. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukateremka mpaka Jangwani, pembeni mwa Kariakoo, na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Lawama zilielekezwa kwenye mvua, takataka na ujenzi wa bondeni, na kwa haki. Lakini miti nayo ina kazi yake: huyapunguza maji kasi na kuushika udongo usisombwe. Miti ya Pugu imekatwa miaka mingi kwa ajili ya kuni, mashamba na mkaa, na mlaji mkubwa wa mkaa ni Dar es Salaam yenyewe. Basi anayechochea jiko kila jioni ana sababu ya kwenda kuona huko kunabaki nini.

Kumebaki mengi. Pugu ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni vipande vilivyotawanyika. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi, aliyesalia katika misitu michache tu. Yamo pia mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, makao ya popo wengi.

Na historia ipo. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha shuleni Pugu wakati chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata aliacha ualimu akaingia kazi ya chama, ambacho ofisi yake ilikuwa New Street, leo Mtaa wa Lumumba, jirani na Gerezani. Mtoto anayepita Lumumba kila siku anastahili kuiona na Pugu.

Watasema fedha hakuna na muda hautoshi. Mbona mitaa hii inajua kuchangishana kwa harusi na misiba? Vikoba navyo viweke akiba ndogo ya safari. Vikundi vya jogging, vinavyokimbia lami kila Jumapili, na vikimbie vilimani mara moja kwa msimu. Walimu wa sayansi na historia wafundishe somo moja huko huko.

Wanaokwenda wavae viatu vya kufunika, wachukue maji, walipe kiingilio na kumfuata mwongozaji, na takataka zao warudi nazo. Wakifika, waulize miti mingapi imepandwa, ukataji unadhibitiwaje, nao wanaweza kusaidia nini. Safari ya kwanza ifanyike kabla ya masika, njia zikiwa bado kavu.