SHAHADA MKONONI, SKULI HAINA MWALIMU

Wananchi, vijana wetu waliambiwa wasome, wakasoma. Waliambiwa wakope, wakakopa. Walipohitimu wakaambiwa wangoje. Hao ndio walimu wetu.

Tutazame Mbuba, katika Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Sisi wa visiwani tusiseme kuwa huko ni mbali. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na kijana wa Mbuba na wa Micheweni huweza kukopa kwa Bodi moja ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005.

Kijana huyo wa Mbuba atakaye kufundisha sekondari huiacha nyumba yao akaenda Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Husoma miaka 3: masomo atakayofundisha, saikolojia ya mwanafunzi na njia za kusomesha, kisha hupelekwa maskulini kwa mazoezi, mkufunzi akimkagua. Chuo chake kimepewa ithibati na Tume ya serikali yenyewe. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu walioomba ajira za serikali waliitwa kufanyiwa usaili.

Twauliza: ikiwa shahada ile ni ya kweli, mtihani wa pili ni wa nini? Na ikiwa si ya kweli, nani aliyeipiga muhuri, na kwa nini fedha za umma zilikopeshwa ili ipatikane?

Watajibu kwamba waombaji ni wengi kuliko nafasi. Basi hilo ndilo shitaka letu! Nafasi si mvua iteremkayo mbinguni. Nafasi ni bajeti, na bajeti hupitishwa na watu. Tangu mwaka 2004 skuli za kata zimejengwa kwa wingi. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Watoto wakaja, madarasa yakajaa, na walimu wa hesabati na fizikia wakakosekana.

Aajiriwaye hukatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo. Asiyeajiriwa hubaki na deni na kuitwa "mwalimu wa kujitolea".

Twadai nafasi za walimu zitangazwe, somo kwa somo, kabla kijana hajatia saini mkopo. Na ajitoleaye darasani alipwe ujira wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Serikali itakayo elimu na iiname.