Simu ya intaneti: usinunue kifaa kilichofungwa

Miaka ya 2000 ziliuzwa simu za mezani zisizo na waya zilizotengenezwa kwa ajili ya Skype. Microsoft iliifunga huduma hiyo Mei 5, 2025. Leo simu hizo haziwezi kuitumia tena.

Kwa wakala wa forodha au mwenye malori, funzo ni hili: dakika za bei nafuu si faida kama kifaa kimefungwa kwa kampuni moja. Simu ya kawaida isiyo na waya, ikichomekwa kwenye adapta ya SIP iliyo wazi, hukuruhusu kumhama mtoa huduma bila kununua simu nyingine.

Lakini umeme ukikatika, ruta, adapta na simu huzimika pamoja. Dereva aliyekwama mpakani hatakupata. Weka betri ya akiba, na umpe namba yako ya mkononi.