Acheni kutuuzia rangi, tuuzieni kuku

Mwaka juzi nilinunua mayai 12 ya kuku wa Wyandotte mtandaoni, Sh200 kila moja. Picha niliyotumiwa ilikuwa balaa. Jogoo mweupe, mnene, kila unyoya wake umezungushiwa mstari mweusi kama piko mkononi mwa bibi harusi wa Mombasa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekwama, na niko kwa Mama kule Utawala nikitafuta hasla yoyote isiyohitaji cheti. Nikasema hii ndiyo.

Mayai yalikuja na matatu. Nikayapumzisha siku nzima, kisha jirani akanipa nafasi kwenye inkubeta yake. Siku ya 21 walitoka vifaranga watano. Walipofika miezi mitano, mmoja alikuwa na manyoya miguuni kama amevaa soksi, wawili walikuwa wekundu, wa nne sijui hata nimwite nini. Mmoja tu ndiye aliyefanana na picha, tena ukimwangalia kwa mbali na jua likiwa machoni. Nilipompigia muuzaji, alikuwa ameshaniblock.

Ningemlaani kwa jina lote la ukoo wake, lakini subirini kidogo, kwa sababu mimi pia nina kesi.

Nilichojifunza baadaye nilifunzwa na mzee mmoja wa Limuru. Mimi humwita guka ingawa si ndugu yangu. Siku ya kwanza nilifika kwake na simu mkononi, nikamwonyesha picha na kumwambia nataka kuku wa rangi hii. Akaniuliza, "Kijana, unatafuta rangi ama unatafuta kuku?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Alimshika mtetea mmoja akaniwekea mikononi nikiwa nimefumba macho, akasema nimweleze ninachohisi.

Kumbe Wyandotte unamjua kwa mikono kwanza. Kifua ni kipana na cha mviringo, mgongo ni mfupi, na mwili mzima umejikunja kama bakuli. Jogoo mzima hufika karibu kilo 3.9, mtetea karibu kilo 3. Wafugaji wa zamani wana msemo kwamba umbo ndilo hufanya aina ya kuku, rangi inakuja baadaye. Ukimpata mwenye umbo sahihi na rangi yenye dosari, unaweza kuirekebisha rangi vizazi vichache mbele. Ukimpata mwenye rangi ya kupendeza na kifua kama cha kuku wa mayai, umepata picha ya simu.

Huyu kuku alitengenezwa Marekani, hasa jimbo la New York, katika miaka ya 1870, na jina lake linatokana na Wawyandot, mojawapo ya jamii asilia za huko. Mwaka 1883 wale weupe wenye pindo jeusi waliingizwa katika kitabu cha viwango cha American Poultry Association. Nasema hivi kwa sababu ukiambiwa "pure", uulize kwa kipimo gani. Kipimo kipo, na kimeandikwa. Miguu iwe ya manjano na isiwe na manyoya. Pindo jeusi lizunguke unyoya wote kwa unene ule ule, na katikati pawe peupe safi bila vitone vyeusi. Nje ya lile pindo kusiwe na ukingo mwingine mweupe. Upanga, ile nyama nyekundu kichwani, uwe bapa, wenye vipele vidogo, na ncha yake ya nyuma ifuate mteremko wa kichwa kuelekea shingoni. Upanga wa aina hiyo haugandishwi kirahisi na baridi ya huko kwao. Limuru mwezi wa Julai wanajisikia nyumbani. Kwetu Utawala mchana wa Februari lazima niwape kivuli na maji ya kutosha, maana manyoya yao ni koti.

Sasa hapo kwa upanga ndipo wengi wetu tunapotea, wauzaji na wanunuzi. Kifaranga akitokea na upanga uliosimama kama wa kuku wa kienyeji, mnunuzi anapiga kelele kwamba ametapeliwa. Huenda ametapeliwa kweli, lakini si lazima. Jeni ya upanga bapa ina nguvu kuliko ile ya upanga uliosimama, kwa hivyo wazazi wawili wenye upanga bapa wanaweza kuibeba ile nyingine kimya kimya, na mtoto mmoja kati ya wanne akatoka nayo. Halafu kuna siri ambayo guka aliniambia kama mtu anayenipa namba yake ya siri ya M-Pesa: jogoo aliyerithi upanga bapa kwa baba na kwa mama pia, mbegu zake huwa dhaifu. Haziogelei vizuri. Mayai yanakaa kwenye inkubeta, unayamulika siku ya saba, unaona meupe matupu. Ndiyo maana mfugaji mjanja hamchinji kila jogoo mwenye upanga uliosimama. Akiwa na umbo zuri, anamweka na mitetea wenye upanga bapa, na uzazi unarudi.

Muuzaji anayejua hili anakueleza kabla hujalipa. Asiyejua, au anayejua na kunyamaza, anakuuzia jogoo wa bei ghali anayewika tu.

Nilinunua kwa guka jogoo mmoja na mitetea wawili. Hapo ndipo kesi yangu inapoanzia. Mtetea mmoja alikuwa na vitone vyeusi katikati ya manyoya, na guka aliniambia wazi kwamba huyo ni wa mayai ya kula, alinipa kwa bei ya nyama. Nikasema sawa, guka. Miezi mitatu baadaye gunia la chakula limeisha, Mama amenunua lingine mara mbili kwa pesa yake ya mboga, na mdada mmoja wa Nakuru ananiandikia anataka mayai 30 ya kuangua. Nikachanganya mayai ya wote wawili. Sh150 kila moja, jumla Sh4,500. Nikamtumia picha ya yule mtetea mzuri.

Pesa ilikuwa ya chama chao, wasichana sita. Miezi mitano ikapita, akanitumia picha za kuku wao. Hakunitusi. Angenitusi ningelala. Aliniuliza tu, "Hawa ni makosa yetu ama walitoka hivi kwako?" Nilimrudishia nusu ya pesa. Nusu ile nyingine ilikuwa imeshaliwa na kuku.

Kwa hivyo nikisema biashara hii ya mayai ya kuangua tunaiua wenyewe, sisemi kama malaika. Wyandotte hutaga mayai karibu 200 kwa mwaka. Kuku wa mayai wa kisasa anakaribia 300 na anakula kidogo. Hakuna mtu atakayetajirika kwa kuuza trei za Wyandotte dukani. Pesa yote iko kwenye mbegu, na anayenunua mbegu ananunua neno lako, kwa sababu ndani ya ganda haoni chochote. Vijana tukishauziana uongo mara mbili tatu, anayebaki na soko ni mwenye shamba kubwa aliye na uwezo wa kuagiza kutoka nje, na sisi tunarudi kuuza smokie.

Rafiki yangu mmoja hubishana nami hapa. Anasema wanunuzi wengi wanataka ndege mrembo wa kuweka uani, hawana haja na viwango vya Wamarekani. Sawa. Basi muuzie kama pambo, kwa bei ya pambo, na umwambie hafai kuzalishwa. Ninachopinga ni kumwita mbegu.

Siku hizi nafanya mambo kwa njia inayonichelewesha. Kila kifaranga namtoboa alama ndogo kwenye utando wa vidole akiwa wa siku moja, ili nijue ni wa mama yupi, na naandika daftarini. Chanjo ya kideri haikosi. Mnunuzi namtumia video ya wazazi wote wawili wakitembea, na nataja kasoro zao kabla hajauliza. Na simchagui wa kuzalisha kabla hajamaliza kuota manyoya ya ukubwani, kwa sababu wa wiki nane anadanganya sana. Kati ya vifaranga 22 wa mwisho nimebakisha wanne. Wengine wanaingia sufuriani kwa Mama, mmoja mmoja, na hapo ndipo tunapogombana, kwa sababu yeye huona Sh1,500 inachemka.

"Si ungemuuza tu huyu?" ananiuliza. "Nani atajua?"

Yule mdada wa Nakuru aliagiza tena mwezi uliopita, mayai 10. Nilimwambia angoje wiki tatu, jogoo ndio kwanza nimembadilisha. Huyu mpya ana upanga uliosimama. Nimemtumia video, na nimemweleza kwa nini. Bado hajanijibu.