Mtahini wa Jana, Mwalimu wa Leo

Mtoto akishamaliza kidato cha nne, nyumbani huanza mjadala wa leseni ya udereva. Kijana ataka kujifunza gari, na mzazi akipiga hesabu zake huona kwamba ombi hilo lina maana. Mwenye leseni aweza kupata kibarua cha kuendesha pikapu ya duka la saruji na mabati, au lori la kubeba mahindi, au gari la shule. Asiye nayo hubaki akihesabu magari yanayopita. Basi ndama huuzwa, gunia la akiba hutolewa ghalani, na karo ya shule ya udereva hupatikana.

Swali linalofuata ni la kumpeleka wapi. Mjini Kitale na hata Bungoma, mzazi akiuliza swali hilo kanisani au sokoni, hakosi mtu wa kumnong'oneza: "Mpeleke kwa yule mzee aliyekuwa akitahini watu. Huyo anaujua mtihani ndani nje." Wazo lenyewe lavutia. Nani atakufundisha kuvuka mto vizuri kuliko aliyekuwa mwenye mtumbwi? Hata hivyo, msomaji mpenzi, kabla hujatoa pesa zako, hebu tulipime wazo hili.

Kwanza tuwajue wazee hawa. Kwa miaka mingi hapa Kenya, aliyempima dereva mpya alikuwa afisa wa polisi. Ndiyo sababu watu wengi waliopitia mikononi mwao walizoea kumwita mtahini "afande". Sheria iliyopitishwa mwaka 2012 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ile tunayoiita NTSA, na kuipa jukumu la kusimamia mafunzo, mitihani na utoaji wa leseni za madereva. Polisi naye, kama watumishi wengine wa umma, hustaafu akitimu miaka 60. Mtu wa umri huo angali na nguvu, macho yake yaona, na kichwani amebeba maarifa ya miaka mingi. Akirejea nyumbani Trans Nzoia au Bungoma, akikataa kukaa bure, kazi iliyo karibu na ujuzi wake ni kufundisha udereva.

Anajua nini ambacho mwalimu wa kawaida hajui? Anajua jinsi mtahiniwa anavyoanguka. Ameona watu wakiketi mbele ya ule ubao uliochorwa mji mdogo wenye barabara, njia panda, mzunguko na maegesho, wakipewa kigari cha kuchezea na kuambiwa watoke hapa waende pale. Amewaona wenye vichwa vyepesi wakisahau leni kwa sababu ya hofu tu. Amewauliza maelfu ya maswali kuhusu alama za barabarani. Kisha ameketi kando yao ndani ya gari, kimya, akitazama kama dereva amefunga mkanda, kama ameangalia vioo kabla ya kuwasha indiketa, kama amekanyaga klachi kwa utulivu au gari limeruka kama chura.

Maarifa hayo yana faida. Mwanafunzi aliyefundishwa na mtu wa aina hiyo hufika mtihanini akijua atakaloulizwa na sababu ya kuulizwa. Hofu humpungua. Tena mtahini wa zamani hadanganyiki kwa urahisi. Mwanafunzi akijidai ameangalia kioo ilhali macho yake yalikuwa kwenye bodaboda iliyopita, mzee atamwona.

Hata hivyo, kutahini na kufundisha ni kazi mbili. Mtahini hutazama, huandika na kutoa uamuzi. Kosa likitokea, hana wajibu wa kulirekebisha. Wajibu wake ni kuliona. Mwalimu naye akiliona kosa ndipo kazi yake inapoanza. Lazima amweleze mwanafunzi kwa nini limetokea, amwonyeshe namna ya kuliepuka, kisha amrudishe palepale mara tatu au nne mpaka mikono na miguu izoee. Wapo wastaafu walioweza kuvuka kutoka kazi ile hadi hii. Wapo pia wasioweza, na hao utawajua kwa kelele. Mwanafunzi akizima gari, wao hufoka kana kwamba wamemkamata mhalifu. Kijana aliyejaa woga hawezi kujifunza kitu. Atakariri tu ili mzee anyamaze.

Kukariri ndiko hatari ya pili. Anayejua maswali yote ya mtihani hushawishika kufundisha maswali hayo na kuacha mengine. Mwanafunzi ataujua ubao kama anavyojua sala ya asubuhi: leni ya kushoto kwa anayekata kushoto, leni ya kulia kwa anayekata kulia. Lakini barabara za kwetu hazikuchorwa na seremala. Mwulize kwa nini dereva huacha nafasi kubwa zaidi anapoongeza mwendo, naye atakutumbulia macho. Angefundishwa vyema, angejibu kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao gari linahitaji ili breki zilisimamishe huongezeka mara nne. Jibu hilo laweza kuokoa maisha hata kama hakuna mtahini atakayelidai.

Ya tatu ni kwamba maarifa huchacha. Mzee aliyeacha kutahini mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipima watu katika barabara ambazo bodaboda zake nyingi zilikuwa baiskeli. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo zimejaa kila kona, kuanzia mjini Kitale hadi kituo cha Kanduyi pale Bungoma. Leseni zenyewe zimebadilika: kile kijitabu chekundu kimetoa nafasi kwa kadi, na madaraja ya magari yamepangwa upya. Mwaka 2020 zilitolewa kanuni mpya kuhusu shule za udereva, walimu wao na leseni. Kwa hivyo usiishie kumwuliza mzee alitahini kwa miaka mingapi. Mwulize pia, kwa heshima, tangu alipostaafu amejifunza nini kipya.

Iko hatari ya nne, nayo watu huitaja kwa kukonyezana. Mzazi humchagua mtahini wa zamani si kwa ujuzi wake bali kwa matumaini kwamba "atazungumza na wenzake". Hapa tusizungushane. Huko ni kununua leseni, na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wakosaji sawasawa. Lakini hata tukiiweka sheria kando, mzazi mwenzangu, jiulize unamnunulia mwanao nini. Unamnunulia ruhusa ya kuingia mahali asipoweza kujilinda. Aliyenunuliwa cheti cha ushonaji ataharibu kitambaa. Aliyenunuliwa leseni ataharibu watu.

Kama wadhani natia chumvi, ifuate barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma, safari isiyofika kilomita 100. Ukitoka Kitale unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Lugulu hadi Webuye. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati wa mavuno, matrekta huvuta mahindi barabarani na mengi hayana taa za nyuma. Giza likiingia, trekta kama hilo huonekana ukiwa umeshalikaribia. Waendesha baiskeli hutokea kando bila kiakisi chochote. Ng'ombe huvuka. Mvua ya alasiri ikinyesha, lami huteleza na kioo hufunikwa na tope la lori lililo mbele. Na pale Kamukuywa, Desemba 2017, watu zaidi ya kumi waliangamia katika ajali moja.

Ukifika Webuye unaingia barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Malaba. Hapo unakutana na trela zinazoelekea Uganda na nchi za mbele yake, zikifuatana kama siafu. Dereva mgeni aliyechoka kukaa nyuma ya trela hutaka kuipita. Hutoa pua ya gari, huona nafasi, hukanyaga mafuta. Katikati ya shughuli hiyo hugundua kwamba mbele ya trela iko nyingine, na matatu yaja upande wa pili. Ubao ule wa mji mdogo haukuwa na trela mbili. Mwaka 2024 pekee, watu zaidi ya 4,700 walikufa katika barabara za Kenya. Wengi wao walikuwa wakitembea kwa miguu au wamepanda pikipiki. Yaani waliouawa mara nyingi si wenye usukani.

Hapa ndipo mtahini wa zamani aliye mwema anapomzidi kila mtu. Mtu aliyetia saini yake mara elfu, akiwaruhusu watu kuingia barabarani, hawezi kusoma habari za ajali kama sisi wengine. Yeye hujiuliza kama dereva huyo alipitia kwake. Mzee mwenye dhamira ya namna hiyo hatakuridhia kwa kuwa umeweza kugeuza gari uwanjani. Atakupeleka barabarani mvua ikinyesha. Atakusimamisha kwenye mlima, avute breki ya mkono, kisha akuambie uondoke bila gari kurudi nyuma hata inchi moja. Atakufundisha namna ya kupitwa: kwamba mwenye haraka akitaka kupita, wewe punguza mwendo na umwachie njia, usishindane naye. Atakukumbusha kwamba ndani ya miji na vituo vya biashara mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, hata kama matatu nyuma yako yapiga honi kama yenye wazimu.

Tena mzee kama huyo hamwahidi mtu kupita. Na jambo hili wazazi tulielewe vizuri. Kwetu, kijana akianguka mtihani wa gari huonekana ameaibisha ukoo, na shule yake husemwa kuwa mbovu. Uingereza, ambako mtihani wa udereva ulifanywa kuwa wa lazima kuanzia tarehe 1 Juni 1935, hadi leo karibu nusu ya wanaoufanya huanguka. Huenda nyumbani, huongeza masomo, kisha hurudi. Huko pia wapo watahini walioacha kazi hiyo wakawa walimu, lakini mwanafunzi wao hupimwa kama mwingine yeyote. Basi shule ikikuambia kwamba kwao hajapata kuanguka mtu, usifurahi haraka. Yawezekana ni hodari mno. Yawezekana pia kwamba mtihani wao hufanyiwa bahasha.

Nimalizie kwa ushauri wa nyumbani. Kabla ya kulipa, hakikisha shule imesajiliwa na mwalimu ana leseni ya kufundisha. Kuwahi kuwa mtahini si badala ya leseni hiyo. Litazame gari. Je, lina vibao vya L mbele na nyuma? Je, upande wa mwalimu una breki yake? Matairi yake yana meno? Omba uketi kiti cha nyuma kwa somo moja. Mwalimu wa kweli hatakataa, na katika nusu saa utajua kama anaeleza au anafoka. Kama mwanafunzi ni binti, mwambie wazi kwamba gari la shule si mahali pa mzaha wala pa kuguswaguswa, na kwamba akihisi vibaya ashuke na akuambie, hata kama mwalimu ni mzee wa kuheshimiwa. Na kama ni mvulana mwenye haraka, usimpe ufunguo wa gari la nyumbani siku ya kupata leseni. Keti kando yake mwezi wa kwanza, mchana na usiku.

Kwenu wanafunzi, mkipata mwalimu aliyekuwa mtahini, mtumieni vizuri. Maswali ya mtihani mnaweza kuyapata kwa wenzenu, hata kwenye simu. Mwulizeni yale ambayo simu haina: ni dereva gani aliyemtia hofu alipoketi kando yake, na alimwona akifanya nini. Mwulizeni aliwahi kumnyima nani leseni na kwa nini. Majibu hayo ndiyo mali yake, nayo amekuja nayo kutoka kazini bila kulipiwa ushuru.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mzee aliyeona mengi akubali kuyasema yote, na kijana akubali kuyasikia hata baada ya mtihani kupita, basi ile pesa ya ndama haikwenda bure. Siku moja mama yake atapanda gari hilo hilo kwenda sokoni Chwele au kliniki Webuye, naye atafunga mkanda na kusinzia bila wasiwasi.

Hadi Jumapili ijayo, nendeni salama na mrudi salama.