Ile sifuri moja, na kwa nini mwandishi anahitaji Git

Leo naomba niongelee jambo ambalo wengi mtasema ni la wanaprogramu tu. Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza gazetini niliandika stori ya kisima cha kijiji kimoja. Mradi uligharimu shilingi milioni 48. Asubuhi gazeti likatoka na milioni 480. Kufikia mchana wanakijiji walikuwa wamemzunguka mwenyekiti wa kamati ya maji wakimuuliza milioni 432 zilizobaki kala na nani. Mzee wa watu, hata baiskeli hana!

Mhariri akaniita. Nikaapa kwamba niliandika 48. Akaniambia, "Haya kijana, nionyeshe." Nikafungua faili, na humo nikakuta stori ya mwendelezo, kwa sababu nilikuwa nimeandika juu ya ile ile ya jana. Tukaomba radhi ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo. Mpaka leo sijui ile sifuri niliibandika mimi au ilibandikwa dawatini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, yeye anaandika programu, aliposikia kisa hiki alicheka kwanza, halafu akaangalia folda yangu: stori_mwisho, stori_mwisho2, stori_mwisho_kabisa. Akaacha kucheka. Akaniambia ugonjwa huu wenzake walishautafutia dawa zamani. Dawa yenyewe inaitwa Git. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu waliyokuwa wakitunzia matoleo ya kazi yao.

Kinachonifurahisha ni kwamba huhitaji kukariri amri nyingi. Visual Studio Code, programu ya bure ya kuandikia msimbo, ina sehemu ya Git ndani yake. Unasakinisha Git yenyewe kwanza, kwa kuwa haiji pamoja nayo. Kisha unajitambulisha mara moja tu kwenye dirisha la amri:

git config --global user.name "Jina lako"
git config --global user.email "anwani yako"

Ukishafungua folda ya stori zako, bonyeza Ctrl+Shift+G, halafu kitufe cha "Initialize Repository". Hapo folda imeanza kuwa na kumbukumbu. Kila ukifika mahali pa maana, bonyeza alama ya kujumlisha kwenye faili, andika sentensi moja ya kueleza ulichobadilisha, kisha "Commit". Ukibonyeza faili uliyoigusa baadaye, utaona maneno ya zamani kushoto na mapya kulia, yaliyofutwa kwa nyekundu na yaliyoongezwa kwa kijani. Sifuri moja tu ikiongezeka, utaiona.

Andika kwa maandishi matupu, faili za .txt au .md. Faili za Word Git inazitunza, ila haiwezi kukuonyesha vizuri neno gani limebadilika. Mimi pia huweka kila sentensi kwenye mstari wake, maana Git hulinganisha mstari kwa mstari.

Kuna watakaosema Google Docs nayo inatunza matoleo ya nyuma. Ni kweli. Lakini haikuulizi kwa nini umebadilisha. Ile sentensi moja ndiyo inayonifaa mimi. Nikiandika "nimepunguza idadi baada ya kuongea na mhandisi", najilazimisha kuwa na sababu. Zipo siku nimekaa na kile kisanduku kitupu nikagundua sina sababu yoyote, nilikuwa nainogesha tu stori. Nikarudisha maneno ya mwanzo.

Sasa niwatahadharishe, hasa waandishi wenzangu. Git haisahau. Ukiandika jina la mtu aliyekupa siri, ukahifadhi toleo, kesho ukalifuta, jina bado limo kwenye matoleo ya nyuma, na yeyote mwenye folda yako anaweza kulisoma. Majina ya vyanzo yakae nje ya folda hiyo kabisa, na folda usiipeleke mtandaoni kabla hujajua nani ataiona. Pia msidhani ni ushahidi wa mahakamani: Git haihakiki jina unalojiandikia, na historia iliyo kwenye mashine yako unaweza kuichezea. Na kompyuta ikiibiwa bila nakala kwingine, kumbukumbu yote imekwenda nayo.

Hata hivyo nasimama hapa: sisi tunaodai kila siku ofisi za umma zitunze kumbukumbu, hatuna haki ya kudai hivyo huku zetu tunazifuta wenyewe kila jioni. Tunamuuliza mkurugenzi nani alibadilisha bajeti na lini. Tukiulizwa sisi nani alibadilisha aya ya tatu, tunaangaliana.

Yule mzee wa kamati ya maji nilimfuata kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa na maji ya kisima chake. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ile sifuri ilitoka wapi?" Nilikosa jibu. Sitaki kulikosa tena.