AMRI YA KUHAMA NA MTU ASIYE NA GARI

Jumapili tarehe 28 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilikuwa kingali katika Ghuba ya Meksiko, upepo wake ukivuma kwa kasi ya kilomita 280 kwa saa. Asubuhi hiyo Meya wa New Orleans, Marekani, aliamuru watu wote wauhame mji. Alfajiri ya Jumatatu kimbunga kilipiga pwani ya Louisiana. Basi mwananchi alipewa mchana mmoja na usiku mmoja wa kuokoa roho yake.

Mwenye gari alipakia watoto akashika njia. Zaidi ya watu milioni moja wa mji huo na vitongoji vyake walitoka, na hata barabara za kuingilia mjini zikageuzwa za kutokea. Kazi hiyo ilipangwa vema. Tusimnyime mtu haki yake. Lakini makumi ya maelfu hawakuwa na gari. Tena ulikuwa mwisho wa mwezi: aishiye kwa hundi ya tarehe mosi hakuwa na nauli, seuze fedha ya kulala hotelini ugenini. Mabasi ya shule yaliachwa yadini mwake, na baadaye yakaonekana yamezama hadi madirishani. Wanyonge wakaambiwa wakajibanze katika uwanja wa michezo wa Superdome. Kuta za kuzuia maji zilipobomoka, asilimia 80 ya mji ilifunikwa. Katrina iliua watu zaidi ya 1,300, na katika Louisiana wengi wao walikuwa wazee.

Wako wasemao kwamba waliobaki walikuwa wakaidi. Wakaidi hawakosekani popote. Lakini kumwamuru ajuza asiye na gari ahame, kisha kumlaumu kwa kutohama, ni dhihaka.

Septemba 2004 Kuba ilikabiliwa na kimbunga Ivan, cha daraja la tano, lililo la juu kabisa. Nchi hiyo, ambayo utajiri wake haukaribii hata kidogo ule wa Marekani, iliwahamisha watu wapatao milioni mbili, wengi wakipokewa katika nyumba za jamaa na majirani. Huko mtaa hujua mapema nani mgonjwa, nani mjamzito, nani hawezi kutembea. Hakufa mtu. Kweli, jicho la Ivan lilipita ukingoni mwa ncha ya magharibi ya kisiwa. Lakini watu walikwisha kuondolewa kabla njia yake haijajulikana kwa yakini.

Mwaka 2008, kimbunga Gustav kilipokaribia, New Orleans ilileta mabasi na treni, na maelfu ya wasio na magari wakasafirishwa. Mabasi hayo yalikuwapo Marekani hata mwaka 2005.